Besi Sitini za Mtumba

Simu ililia saa nne kasorobo asubuhi.

"Shangazi kapokea wageni sitini. Chumba cha nne."

Ikakatika.

Maana yake mzigo umeingia, ghala namba nne. Mpelelezi aliyeitwa Tisa, kwani kikosini hakuna aliyemjua kwa jina jingine, aliwasha Yamaha yake akaondoka kwa kasi ya kuwatoa roho waenda kwa miguu.

Dakika kumi baadaye alikuwa ndani, kupitia dirisha la choo. Ushujaa una harufu yake, na siku ya kuajiriwa hakuna anayekwambia.

Masanduku sitini. Ndani ya kila moja, gitaa la besi lililonunuliwa ng'ambo, limetumika, rangi imebanduka. Karatasi zilijaa mihuri: chombo cha zamani, kimetengenezwa kabla mbao nyekundu hazijapigwa marufuku. Forodha waliyapitisha huku wakipiga miayo.

Tisa aliinua moja.

Zito mno. Besi gani hii unaibeba kama mfuko wa saruji?

Alitoa kisu, akakwangua rangi, akawasha kalamu yake yenye taa ya zambarau. Mbao ikang'aa kijani, kama ing'aavyo mbao nyekundu chini ya taa hiyo. Nyekundu, mbichi, imekatwa juzijuzi kwenye msitu unaolindwa kwa maneno tu. Haya hayakuwa magitaa bali mapande ya magogo yaliyofungwa nyuzi. Rangi ikishakwanguliwa, mbao inauzwa kwa matajiri wanaotaka kulala kwenye vitanda vya kifahari.

Hapo ungesema kazi imekwisha. Ita wenzako, nenda ukanywe chai.

Lakini aliona ule mchubuko.

Aliyeyachakaza magitaa yale yaonekane ya zamani alikuwa fundi hasa. Kila moja alilichubua mahali ambapo mpigaji huegemeza kidole gumba. Wapigaji karibu wote huegemeza katikati ya gitaa. Hapa mchubuko ulikuwa juu kabisa, pale shingo inapoanza. Mtu aliyefundisha hivyo alikuwa mmoja tu, marehemu baba yake, mbishi asiyesikia la mtu. Na wanafunzi wake walikuwa wawili, Tisa na kaka yake.

Tisa aliyakagua yote sitini. Mchubuko ule ule, mahali pale pale. Mjinga yule hakujua hata kama ana mazoea hayo.

Alikaa chini kwenye sakafu. Aliumia, tusidanganyane. Mbao nyekundu ni miaka kumi jela, na kaka yake ana watoto wawili wadogo.

Miaka minne nyuma huyo kaka alikuwa mpiga besi wa kuheshimika. Alisafiri na bendi, akanunua ng'ambo besi moja ya mtumba kwa akiba ya miaka mitatu. Uwanja wa ndege wakaona kwenye shingo yake kipande cha mbao nyekundu, upana wa vidole vitatu. Kibali hana. Akampigia dada yake, mtu wa serikali, akimwomba apige simu moja tu ili apewe muda wa kutafuta kibali. Tisa akamjibu kwamba sheria ni sheria. Besi ikasagwa kwenye mashine, mwenyewe anatazama. Tangu hapo hawakusemeshana. Kaka aliacha muziki, akawa anazurura ng'ambo kununua besi kwa niaba ya tajiri mmoja anayejiita Mfadhili. Mama alifurahi, akasema mwanawe amepata kazi nzuri.

Redio ilikoroma. "Tisa. Hali?"

"Mzigo upo. Njooni."

Hakusema zaidi.

Mlango mkubwa ukafunguliwa. Hilux nyeupe ikaingia. Mfadhili kwenye usukani, mlinzi pembeni yake, na nyuma, kashika randa ya kukwangulia rangi, kaka yake.

Mlinzi alichomoa bastola.

Risasi ya Beretta ya Tisa ilimwahi. Bastola ikaanguka, mlinzi akaanguka nayo, kashika mkono wake.

Mfadhili akarudisha gari nyuma kwa pupa. Risasi mbili, tairi mbili. Hilux ikajigonga ukutani. Mfadhili akaanza kuuliza kama anajua anacheza na nani, na Tisa akamfunga pingu kwenye usukani bila kumjibu.

Kisha akageuka.

Kaka alikuwa ameruka kutoka garini, amesimama kwenye mlango mdogo wa nyuma. Ulikuwa wazi, na nje ni uchochoro. Ving'ora vilikuwa bado mbali.

"Mdogo wangu, nipe dakika tano tu. Angalia ukuta."

"Siwezi, kaka."

"Hata siku ile hukuweza."

"Siku ile ilikuwa besi moja, na ulionewa. Nilikosea, nisamehe. Leo ni sitini."

Kaka aliutazama uchochoro. Angeweza kukimbia, na Tisa asingempiga risasi, wote wawili walijua. Akaweka randa chini, akanyoosha mikono. Tisa akamfunga pingu huku machozi yakimtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Mkuu wa kikosi alifika na watu wake, furaha tele, fomu mkononi. Akauliza huyu wa tatu ni nani.

"Kaka yangu. Tumbo moja."

Mkuu akashusha kalamu. Akamvuta kando, lakini hakumvuta mbali vya kutosha, na sauti yake haikuwahi kuwa ndogo.

"Si ungeniambia mapema? Kwa ndugu zetu huwa tunaangalia namna. Mwaka juzi shemeji yangu naye alikamatwa na gitaa la mbao hizi hizi. Nilipiga simu moja tu, akarudishiwa."

Kaka alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alisikia kila neno. Aliangua kicheko, cheko refu la ovyo, mpaka askari wakamwinua kumpakia garini.

"Jaza fomu, mkuu," Tisa alisema.

Alimkabidhi Beretta na kitambulisho, vyote kwa pamoja. Mkuu akamuuliza ndiyo nini sasa. Tisa alivaa miwani yake nyeusi, akawasha pikipiki, akaenda kumpa mama habari kabla hajazisikia redioni.