Mbwa Huchaguliwa kwa Mikono

Kila jioni, jua likianza kushuka kwenye milima ya ng'ambo ya ziwa, Kadidja aliacha kazi yake na kwenda kuhesabu mbuzi. Mchana kutwa alikuwa akichemsha ngazi, matunda ya michikichi, na kukamua mawese. Lakini saa ya mbuzi ilikuwa saa ya mbuzi. Hata mgeni angekuja, angesubiri.

Kadidja na mumewe Ramazani waliishi pembeni mwa Rumonge, mahali nyumba zinapokwisha na michikichi inapoanza. Walikuwa na binti mdogo, Zuwena. Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala, na boma lao lilikuwa mbali, Usumbura. Ramazani alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa lile. Jioni alisali magharibi msikitini, kisha akaingia ziwani na wenzake, moto ukiwaka ndani ya mtumbwi ili kuvuta samaki.

Mbuzi walikuwa mali ya Kadidja. Siku ya arusi yake mama yake alimpa mbuzi jike mmoja, mwenye ndevu ndefu. Kadidja alimwita Bibi Ndevu. Kutoka kwa Bibi Ndevu, yeye mwenyewe akihesabiwa, walipatikana mbuzi kumi na wanne. Mama yake sasa alikuwa amefariki. Kadidja akiwatazama mbuzi wale, alimwona mama yake.

Basi, akaja fisi.

Fisi huyo alijua saa kuliko mwadhini. Alikuja magharibi, wanaume wakiwa msikitini na wanawake wakiwa jikoni. Mwezi mmoja alikula mbuzi wanne. Walibaki kumi.

Ramazani alikasirika. "Mama Zuwena," alisema, "sisi hatufugi mbuzi. Tunafuga fisi. Kiangazi kikiisha na fisi bado anakuja, mbuzi wote nitawapeleka sokoni."

"Hawa ni mbuzi wa mama yangu," Kadidja alijibu.

"Najua. Lakini fisi hajui."

Kadidja hakulala vizuri baada ya maneno hayo. Asubuhi alimwambia mumewe, "Tutafute mbwa mkubwa."

Ramazani alikunja uso. Yeye alikuwa mtu wa dini, na tangu utoto alifundishwa kukaa mbali na mbwa, asije akanajisika. Hata hivyo alikwenda kumuuliza Maalimu Mustafa, aliyefundisha watoto Kurani. Maalimu alimwambia mbwa wa kulinda mifugo na shamba hana ubaya. Ramazani akaridhika. Alisahau kuuliza namna ya kumchagua.

Wiki ile msafara wa mitumbwi ulifika kutoka Ujiji. Mchuuzi mmoja alikuwa na mbwa mkubwa ajabu. Watu walisema baba yake aliletwa na Mzungu kwa meli. Ramazani alikwenda kumwona. Alikusanya kanzu yake mkononi, akasimama hatua kumi, akanyoosha fimbo.

"Huyo anabweka?" aliuliza.

Mchuuzi alipiga sufuria kwa kijiti. Mbwa akabweka mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

"Namchukua," Ramazani alisema. Akatoa mitungi miwili ya mawese, akampa mbwa jina la Jemadari.

Jemadari aliletwa nyumbani amelala ndani ya mtumbwi. Watu walisema amechoka na safari. Alishushwa kwa kamba, akafungwa kwenye mchikichi, juani. Hakuna aliyemgusa. Chakula alisukumiwa kwa mti mrefu, tena kimejaa pilipili, kwa sababu watu walisema pilipili humfanya mbwa awe mkali.

Siku ya tatu Kadidja aliona kwamba Jemadari hapendi kusimama. Akisimama, miguu ya nyuma ilitetemeka. Macho yake yalitoa tongo. Alikohoa.

"Anajizoeza," Ramazani alisema.

Siku ya tano, magharibi, fisi alikuja. Jemadari alibweka vizuri sana. Alibweka amelala. Fisi alipita mbele yake, akachukua mbuzi, akaenda zake. Walibaki tisa. Baada ya siku nne Jemadari alikufa, na masikini wa Mungu hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la waliomchagua na waliomtunza.

Kadidja alilia. Alimlilia mbuzi, na alimlilia mbwa pia, ingawa aliona haya kusema. Kisha alifuta machozi, akajifunga kanga, akatembea mpaka Gatete kumtafuta Bi Mwasiti.

Bi Mwasiti alikuwa mjane wa askari. Miaka sita alikaa na mumewe bomani Usumbura, na kazi yake huko ilikuwa kuwapikia na kuwatunza mbwa wa boma. Watu wengine walimcheka. Yeye hakujali. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha.

"Amahoro, mwanangu," alimsalimu kwa Kirundi. "Umetembea juani. Kaa kwanza, unywe maji."

Kadidja alikunywa maji, akaeleza yote. Bi Mwasiti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlimshika mlipomchagua?" aliuliza.

"Hapana. Mume wangu alisimama mbali."

"Mlimfungua mdomo?"

"Mdomo, Bi Mwasiti? Mbwa?"

"Basi hamkuchagua mbwa. Mlichagua sauti." Bi Mwasiti akasogeza kigoda chake. "Ukienda kununua samaki wa mukeke sokoni, unasimama hatua kumi?"

"Hapana. Ninamfunua mashavu nione kama ni mekundu."

"Na mbuzi je?"

"Ninampapasa mgongo na kiwele."

"Sasa mbwa ana dhambi gani? Na huyo atalinda mbuzi wote."

Kadidja aliinama. "Tunaogopa najisi."

"Mate yake ndiyo shida. Yakikugusa, osha mara saba, mojawapo kwa udongo. Umefundishwa chuoni, na mimi nimefundishwa. Ziwa lote lile liko mlangoni, maji utayakosa wapi? Mimi niliosha mikono miaka sita, na sijawahi kuacha sala hata moja."

Kadidja alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mwezi ule.

Bi Mwasiti alianza kufundisha, akihesabu kwa vidole. "Ukubwa unasaidia, lakini afya ndiyo ya kwanza. Mbwa wakubwa wengi wana ubovu wa nyonga, na ubovu huo hutoka kwa mama au kwa baba. Kwa hiyo, ukiweza, mwone mama yake. Mwone na baba. Kama wazazi wanatembea vizuri, umeanza vizuri. Kisha mbwa mwenyewe umwone akiamka, akitembea, akikimbia. Tena mpapase miguu yote minne. Akilia ukimgusa, muulize mwenye mbwa kuna nini."

"Na macho?"

"Yawe safi, bila tongo. Masikio yasinuke. Ufizi uwe mwekundu. Ufizi mweupe ni mbwa asiye na damu, labda kupe wamemmaliza. Mbavu uzisikie kwa vidole, lakini usizione kwa mbali. Tumbo lisivimbe, hiyo ni minyoo."

"Na ukali?"

Bi Mwasiti alitikisa kichwa. "Hapo ndipo watu wanapokosea. Mbwa anayeng'akia kila mtu ana woga. Fisi akija, ndiye wa kwanza kukimbia. Wewe tafuta mbwa mtulivu, anayekutazama, asiyejificha. Ukali wa kazi atautoa siku ya kazi."

Baada ya siku mbili walipanda mlimani watatu, Kadidja, Ramazani na Bi Mwasiti. Ramazani alikwenda kwa sababu mkewe alikwenda, akavuta miguu njia nzima. Mfugaji mmoja huko, Mzee Barutwanayo, alikuwa na mbwa wawili wa umri wa miezi kumi. Walikuwa ndugu, watoto wa jike lake kubwa na dume lililoachwa na askari. Wote wawili walikua kati ya ndama na mbuzi wake.

Wa kwanza alikuwa amefungwa. Alikuwa mkubwa sana, kichwa kipana. Alipowaona alivuta kamba na kung'aka mpaka povu likamtoka.

"Huyo," Ramazani alisema papo hapo. Alikuwa amesimama hatua kumi, kanzu mkononi.

Wa pili alikuwa amelala kivulini karibu na ndama. Aliamka mara moja, akaja, akasimama. Alikuwa mdogo kuliko ndugu yake, lakini bado mabega yake yalifika kwenye paja la Kadidja.

"Bi Mwasiti, tuambie," Ramazani alisema.

"Mbuzi ni wa Mama Zuwena. Achague yeye."

Kadidja alimsogelea mbwa aliyesimama. Maisha yake yote hakuwahi kumgusa mbwa. Alimkumbuka Jemadari amelala juani. Alimkumbuka Bibi Ndevu. Akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti.

Mbwa alimnusa. Kadidja aliweka mkono juu ya kichwa chake. Manyoya yalikuwa ya joto na makavu. Alipapasa mguu wa mbele, na wa pili, kisha nyonga. Mbwa alisimama tu. Alitazama masikio. Mwisho akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, na akaona ufizi mwekundu na meno meupe.

"Mzee, mama yake yuko wapi?" aliuliza.

Mzee Barutwanayo alipiga mluzi. Jike kubwa likaja mbio likishuka mteremko, likaruka mfereji bila shida. Baba yao alikuwa kisimani, naye walimwona akitembea sawasawa.

"Sasa mfungue yule mwingine, atembee," Kadidja alisema.

Mfugaji alisita kidogo, kisha akamfungua. Yule mkubwa alikwenda hatua chache. Mguu wa nyuma ulikuwa unaburuta. Mfugaji hakuficha. "Alikanyagwa na ng'ombe akiwa mdogo. Ananing'akia hata mimi mwenyewe, kwa maumivu."

"Namchukua huyu mdogo," Kadidja alisema.

Ramazani aliguna. "Tutaona," alisema.

"Ndilo jina lake," Kadidja akajibu. "Tutaona." Bi Mwasiti alicheka mpaka akashika kiuno.

Safari hii mambo yalikwenda kwa utaratibu. Tutaona hakufungwa juani. Alijengewa kibanda kando ya zizi, penye kivuli, na chombo chake cha maji peke yake. Kadidja alimpikia ugali wa muhogo na mchuzi wa vichwa vya samaki, mifupa imetolewa, bila pilipili. Kila Ijumaa alimtoa kupe, kisha akaosha mikono kama alivyofundishwa. Hakumpiga. Kila jioni walizunguka zizi pamoja, mpaka mbuzi wakamzoea, na Bibi Ndevu akaanza kulala karibu naye. Wakati huohuo Kadidja aliongeza miiba kwenye ua. Bi Mwasiti alimwambia mbwa mzuri si sababu ya kuacha ua mbovu.

Ramazani alitazama kwa mbali. Hakumgusa mbwa hata siku moja. Kiangazi kilikuwa kinakaribia kwisha.

Jioni moja mawingu ya kwanza ya mvua yalipanda juu ya ziwa. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha na wanaume walikuwa wakisali. Kadidja alikuwa amemaliza kuhesabu. Tisa. Alikuwa akifunga mlango wa zizi Tutaona aliposimama na kuelekeza masikio kwenye michikichi.

Fisi alitoka. Alikuwa mkubwa, na hakuwa na haraka. Alizoea.

Tutaona alikwenda kusimama kati ya fisi na zizi, hapo ndipo akabweka. Kadidja hakuwahi kumsikia akibweka namna ile. Fisi alikwenda kulia, mbwa akamkuta kulia. Fisi akageuka kushoto, mbwa akamkuta kushoto. Nyonga zile alizozipapasa Kadidja ziligeuka upesi, na miguu haikuteleza. Fisi alijaribu kuruka ua kwa nyuma. Miiba ikamchoma, akarudi chini, na Tutaona akamkamata paja.

Kadidja hakukimbia. Alichukua kinga cha moto jikoni, akatoka nacho akipiga kelele za kuita watu. Fisi aliona mbwa, akaona moto, akasikia sauti za wanaume wakija kutoka msikitini. Alijinasua, akaingia michikichini akichechemea. Tutaona alimfukuza mpaka mwisho wa shamba, kisha akarudi kwenye zizi, kwa sababu kazi yake ilikuwa zizi.

Ramazani alifika wa kwanza, anahema, mkuki mkononi. Aliwatazama mbuzi. Akahesabu mwenyewe, kwa sauti, watu wote wakisikia. "Tisa," alisema. Akahesabu tena. "Tisa, Mama Zuwena. Wote wapo."

Kadidja aliingia zizini. Alikuwa analia kwa furaha, mkono wake kwenye ndevu za mbuzi wa mama yake.

Kisha Ramazani alifanya jambo ambalo Rumonge ilizungumzia kwa muda mrefu. Aliuweka mkuki chini. Alimwendea mbwa, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akampapasa mguu mmoja mmoja kuona kama ameumia. Akainua mdomo wake kutazama meno. Tutaona akamlamba mkono mzima mpaka kwenye kiwiko.

Watu walisogea kutazama.

"Zuwena," Ramazani alisema bila kugeuka, "mletee baba maji. Na udongo. Lakini usiharakishe, bado sijamaliza."

Fisi yule hakuonekana tena kwenye zizi lile. Mwaka uliofuata mbuzi walikuwa kumi na saba, na hakuna aliyetaja habari ya kuwapeleka sokoni. Watu walianza kuja kutoka Gatete, hata kutoka Nyanza, kuuliza habari za mbwa. Kadidja na Bi Mwasiti waliwafundisha. Ramazani naye alifundisha, tena kwa maneno mengi, kama mtu aliyezaliwa akijua. Kadidja alimwachia tu.

Siku moja alikuja mvuvi mwenzake kuchagua mtoto wa Tutaona. Alikusanya kanzu yake, akasimama hatua kumi, akanyoosha fimbo.

"Huyo anabweka?" aliuliza.

Ramazani alimnyang'anya fimbo, akaitupa michikichini.

"Sogea hapa," alisema. "Kunja mikono ya kanzu. Mshike."