Anayeitikia Chumbani

Mama alikuwa jikoni akimenya vitunguu alipouliza kwa sauti kama binti yake yuko sawa huko chumbani.

"Niko sawa, mama," sauti ikajibu.

Mama akaendelea na vitunguu vyake. Chumbani, binti alikuwa amelala chali, macho kwenye dari, na midomo yake haikuwa imefunguka.

Nyumba nzima ilimwita Kengele, maana tangu utotoni hakujua kunong'ona. Akicheka sebuleni, majirani nao walijikuta wanatabasamu. Mwaka aliovunja ungo kicheko kikaanza kupungua. Kwanza ilikuja harufu ya nguo mbichi iliyosahaulika kwenye beseni. Mama alifua mashuka, akafua mapazia, harufu ikabaki palepale. Kisha Kengele akawa akitoka shule analikuta godoro lina joto na limebonyea, kana kwamba mtu kainuka sasa hivi, naye akijilaza pale mwili unakuwa mzito, chakula kinakosa ladha, marafiki wanabisha hodi mpaka wanachoka, na kila akijaribu kusema kwamba anazama, kile kitu kilichokaa nyuma ya kisogo chake kinamtangulia kwa sauti yake mwenyewe, tamu, ya adabu: niko sawa, nimechoka tu.

Shangazi alisema ni umri. Kaka alisema ni uvivu, kwamba kama kulala kungekuwa kunalipa, nyumba hiyo ingeshakuwa ghorofa. Mama aliiamini ile sauti, mpaka alasiri moja alipoketi kumlisha uji, akamuuliza anajisikiaje, na jibu likatoka wazi kabisa huku kijiko kingali katikati ya meno ya mwanawe.

Mganga akaitwa, mama wa makamo asiye na makuu. Alifukiza chumba, akasema ni jini, akazungumza nalo kama anayemtoa mpangaji msumbufu, mpaka dirisha likafunguka lenyewe na harufu ikakatika. Wiki ile Kengele alicheka. Watu wakasahau.

Lilirudi akijiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule. Likafukuzwa. Likarudi tena akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, na safari hii halikungoja chumbani.

Alikuwa mwokaji kwenye bekari. Asubuhi hiyo alivuta trei kutoka kwenye tanuri, na katikati ya mvuke wa mikate akanusa nguo mbichi. Mikono ikalegea. Bosi, mzee mnene aliyezoea kuimba vibaya akikanda, aliacha kuimba akamuuliza kulikoni.

"Niko sawa, bosi," sauti ikasema nyuma ya kisogo chake, kisha ikashuka ikawa mnong'ono wa sikioni, wa baridi licha ya moto wote ule, ikimwambia aiache trei, aende akalale, alale moja kwa moja, wala asiwe na wasiwasi kuhusu mama na bosi na watu wote watakaouliza, kwa sababu yenyewe itabaki hapa ikiwaitikia miaka yote, na hakuna hata mmoja atakayejua tofauti.

Ni hilo la mwisho lililompandisha hasira. Kengele aliung'ata ulimi mpaka akaonja damu, akaulazimisha ugeuke.

"Bosi, aliyekujibu si mimi," alisema. "Mimi naumwa. Naumwa tangu nikiwa msichana, na sitaki kufa."

Mzee alimtazama, uso umempauka. "Nimewasikia nyote wawili," akanong'ona.

Alizima tanuri, mikate ndani, akamvua Kengele aproni kwa mikono yake na kumpeleka hospitali wote wakiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Daktari alimsikiliza bila haraka. Akasema ni sonona, kwamba ilimwanza akiwa binti mdogo na huenda ikarudi tena. Akampa dawa, na siku ya kuja kuzungumza kila wiki. Mganga aliposimuliwa hakununa.

"Mimi nililitoa nje, mwanangu," alisema. "Sikuwahi kukwambia halina miguu. Meza dawa."

Haikuwa kazi ya siku moja. Zipo asubuhi Kengele aliingia bekari uso umemvimba, akasema tu kwamba leo limo. Bosi alimsogezea donge la unga gumu kuliko yote, naye alilipiga ngumi mpaka meza ikatetemeka. Waliite watakavyo, alimwambia mama yake, lakini kinywa ni changu.

Siku moja Kengele akiwa kazini, mama alikuwa akifagia ukumbi, akapitiwa, akauliza kwa mazoea kama yuko sawa huko.

"Niko sawa, mama," chumba kikajibu.

Mama aliganda. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliliona godoro likibonyea taratibu, kichwa, mabega, nyonga, na harufu ikamfikia. Hata hivyo aliingia, akafungua madirisha, akalishika godoro pembeni na kuliburuta kuelekea uani kwenye jua, zito kama lina mtu, likimbembeleza njia nzima kwa sauti ya mwanawe.

"Sikukuuliza wewe," mama akasema, akazidi kuvuta.