Daftari la Presha la Bibi

Mtaa mzima ulimwita Kasi, na jina lilimkaa. Alikula haraka, alioga haraka, na alifagia uwanja haraka hata nusu ya majani ikabaki palepale. Kila asubuhi kabla ya shule alikuwa na kazi mbili nyumbani kwa bibi yake, mwoka mikate aliyeishi naye. Ya kwanza ilikuwa kupaka mafuta vyombo vya kuokea. Ya pili ilikuwa kumpima Bibi shinikizo la damu, au presha, kama watu wanavyosema.

Vyombo vilimchukua dakika tatu. Presha ndiyo iliyomchosha. Daktari aliagiza Bibi aketi kimya dakika tano, mkono juu ya meza, ndipo afungwe mkanda wa mashine ndogo ya kupimia. Macho ya Bibi hayakuziona namba vizuri, kwa hiyo Kasi ndiye aliyezisoma na kuziandika kwenye daftari. Lakini nani akae dakika tano na tanuri linawaka?

"Leo tuache, mke mwenzangu," Bibi alimwambia asubuhi moja, mikono imejaa unga. "Mikate itaungua. Andika ile ile ya jana."

Kasi akaandika 128 kwa 80, namba nzuri. Kesho yake akaandika 126 kwa 82, ili zisifanane mno. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia, na mashine haikutoka kabatini hata siku moja. Daftari lilipendeza kwelikweli.

Bibi hakuwa na vipimo vilivyoandikwa popote. Unga, hamira, sukari na chumvi, vyote vilikaa kichwani mwake, na kwa miaka thelathini kichwa hicho hakikumwangusha. Hata shuleni kwa kina Kasi, mkate wa saa nne ulikuwa wake.

Jumatano moja, wakati wa mapumziko, msichana waliyemwita Redio kwa wingi wa maneno aliutema mkate wake kwenye kiganja.

"Jamani! Huu umekandwa kwa maji ya bahari!"

Darasa likaangua kicheko. Kasi akaumega wake. Loo! Chumvi ilimkata ulimi.

"Mwambie bibi yako atuonee huruma," Redio akasema, na Kasi akajikaza asilie mbele za watu.

Alipofika nyumbani alimkuta mjomba wake, aliyekuwa akisambaza mikate kwa baiskeli, amesimama mlangoni na vikapu viwili vya mikate iliyorudishwa.

"Mama, hii ni mara ya tatu," Mjomba alikuwa akisema. "Wiki iliyopita mkate haukuwa na chumvi kabisa. Jana umeniuliza mara mbili kama nimekula. Leo tena hivi?"

"Chumvi nimetia mara moja tu," Bibi akajibu kwa ukali. Kisha akaugeukia mtungi wa chumvi na kuutazama kwa muda mrefu. "Au... nilitia lini?"

Kasi hakuwahi kumwona Bibi akiogopa. Siku hiyo alimwona.

Mjomba akamvuta kando. "Jumamosi tunampeleka kwa daktari. Akisema ni uzee, tanuri nalizima na Bibi anahamia kwangu. Leo kasahau chumvi, kesho atasahau moto, muungue wote. Umenielewa?"

Kasi alielewa, tena vizuri sana. Bibi bila tanuri! Angekaa kwenye kiti siku nzima akifanya nini, mtu ambaye hata Jumapili alitafuta kitu cha kukanda?

Jioni ile aliitoa mashine kabatini, akaipangusa vumbi, akamfunga Bibi mkanda. Mashine ikanguruma, ikatulia. Namba zikatokea: 176 kwa 102. Kasi alijua kwamba hizo ziko juu mno.

"Ngapi?" Bibi akauliza.

Ulimi wa Kasi ulikuwa mwepesi kuliko akili yake. "Nzuri, Bibi. Kama kawaida."

Akaandika 130 kwa 80. Usiombe uone siku mbili alizoishi baada ya hapo. Hata kula haraka alisahau.

Jumamosi walikaa watatu mbele ya daktari, mwanamke mpole mwenye miwani. Alimpima Bibi, akakunja uso. "Mia na sabini na nane. Lakini daftari hili linasema nyumbani uko vizuri." Akafungua kurasa moja baada ya nyingine. "Basi ni hofu ya hospitali. Wengi presha huwapanda wakiniona mimi."

Bibi akacheka kidogo. Daktari akamwambia akumbuke maneno matatu: kiti, ndizi, barua. Akamwuliza habari za tanuri, kisha akayataka yale maneno.

"Kiti," Bibi akasema. Akatazama dari, akatazama mikono yake. "Kiti... na..." Chozi likamlengalenga.

Daktari akamgeukia Mjomba. "Kama presha imetulia hivi, basi huenda ni umri wenyewe. Itabidi mfikirie kama ni salama kwake kuendelea na kazi ya moto."

Mjomba akainamisha kichwa. Kasi alijua kwamba akinyamaza sasa, mambo yamekwisha.

"Ni uongo!" akapasua sauti, hata mwenyewe akashtuka. "Hizo namba ni za uongo, daktari. Nilizitunga mimi. Jumatano ilikuwa mia na sabini na sita, nikaandika nyingine!"

Mjomba akainuka kwenye kiti. "Wewe mtoto!"

"Muache," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aandike ya jana. Sikutaka kuketi. Na vidonge vya presha nilimeza siku nikiumwa kichwa tu. Nilijisikia mzima, nikaona vya nini."

Daktari akaliweka daftari chini, akavua miwani. Hakugomba, na hilo lilimuuma Kasi zaidi.

"Nisikilizeni. Ubongo unalishwa na mishipa midogo, mingine myembamba kama uzi. Damu ikiisukuma kwa nguvu nyingi mwaka baada ya mwaka, inakakamaa, mingine inaziba. Mtu haumwi popote. Anaanza tu kusahau, kufikiri polepole, kuchanganya hatua za kazi anayoijua. Na siku mshipa ukiziba au ukipasuka ghafla, ndicho kiharusi. Mdomo ukimpinda, mkono ukilegea au maneno yakimvurugika, msingoje hata saa moja, mleteni."

"Atapona?" Kasi akauliza kwa sauti ndogo.

"Siwezi kuahidi kwamba yote yatarudi. Lakini presha ikishuka, tunaulinda ubongo uliopo, na huo bado ni mwingi. Vidonge kila siku, chumvi kidogo, kutembea. Na namba za kweli."

Mjomba alikubali kungoja miezi mitatu, na katika miezi hiyo moto aliuwasha na kuuzima mwenyewe. Bibi akaanza kupima kila kitu kwenye vibakuli kabla ya kukanda. Kibakuli kikishamwagwa, kiligeuzwa kifudifudi mezani, na hapo hata mtu akisahau, meza inamkumbusha. Na kila asubuhi waliketi dakika tano, Bibi na Kasi, unga ukiumuka bila wao. Namba zikaanza kushuka, na siku waliporudi kwa daktari, Bibi aliyakumbuka maneno mawili kati ya matatu. Mjomba akaliacha tanuri liwake. Shuleni, Redio aliomba kipande cha pili.

Asubuhi moja mashine ikasoma 158. Kasi akaishika kalamu, akasita.

"Ngapi?" Bibi akauliza.

"Mbaya, Bibi. Mia na hamsini na nane."

"Iandike hivyo hivyo ilivyo." Bibi akamshika kidevu. "Namba mbaya daktari anaitafutia dawa, mwanangu. Namba ya uongo ilitaka kunizimia tanuri, na kichwa changu pamoja nalo. Uliposema kweli mbele ya watu, ulinirudishia vyote viwili. Usije ukaogopa tena kuisema, hata kama mimi ndiye ninayekwambia unyamaze."

Kasi akaandika 158, polepole, kwa mwandiko mzuri. Kisha wakaenda kutoa mikate.