Mistari Arobaini na Mmoja

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule, Nimia alikwenda maktaba ya mji wao wa Ybycuí, Paraguay, na chupa yake ya tereré, chai baridi ya majani. Huko yeye na wenzake walimsaidia Mwalimu Arsenia kutunza Linux, mfumo endeshi uliotumika kwenye kompyuta kuukuu za shule za wilaya. Kila mtoto alikuwa na programu yake ya kulea. Ya Nimia ilifundisha maneno ya Kiguarani, na kila neno lilitamkwa na bibi yake mwenyewe, Eulogia. Aliipenda mno programu ile.

Jumamosi hii ilikuwa siku ya majaribio. Jumatatu kompyuta nane zingepelekwa kwa watoto wa darasa la kwanza, na programu ambayo ingeshindwa ingeachwa nyuma.

"Haya Nimia, tuione yako," alisema Mwalimu Arsenia.

Nimia akabonyeza. Kompyuta ikasoma orodha ya mahitaji, yaani programu nyingine ambazo ile ya Nimia ilidai haiwezi kufanya kazi bila hizo, ikaanza kuzileta kutoka intaneti. Tano. Ishirini. Arobaini na moja! Kisha ikaandika kwamba diski imejaa, ikaganda.

"Lo!" Derlis, rafiki yake, akacheka. "Kumfundisha mtoto kusema mbwa kunataka mpaka barua pepe na filamu?"

"Zote zinahitajika," Nimia alijibu haraka, uso ukimwaka moto.

"Na hii ya kuchapisha?" mwalimu aliuliza.

"Ni ya... kuchapisha maneno."

"Kwani programu yako inachapisha?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Nimia ilikuwa imeishia hapo. Alimwaza bibi yake, ambaye alikwishawatangazia majirani wote kwamba Jumatatu atasikika shuleni. Machozi yakamlengalenga.

"Nilinakili orodha ya Derlis, ya programu yake ya kuchora," alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa nikiacha mstari itaharibika. Sikujua kazi ya hata mmoja, na niliona aibu kuuliza."

Derlis akakuna kichwa. "Hata mimi niliinakili kwa dada yangu. Nusu yake siijui."

Mwalimu alicheka mpaka tereré ikampalia. "Kumbe ni urithi wa ukoo! Vuta kiti, mama. Tutatoa mstari mmoja mmoja na kujaribu. Programu ikiendelea kufanya kazi, mstari huo ulikuwa mzigo tu."

Wakatoa wa kuchapisha, programu haikujali. Wakatoa wa barua pepe, wa filamu, na mingine mingi, Derlis akisoma na Nimia akifuta. Walipotoa wa sauti, neno jagua, yaani mbwa, lilitokea kwenye kioo, lakini Bibi Eulogia hakusema kitu.

"Rudisha! Mrudishe bibi yangu!" Nimia alipiga kelele, na maktaba nzima ikaangua kicheko.

Hadi jioni ilibaki mistari miwili: wa sauti na wa herufi za Kiguarani. Diski ilikuwa na nafasi tele.

Jumatatu Nimia aliombewa ruhusa darasani kwake akashuhudie darasa la kwanza. Mtoto mmoja akabonyeza picha ya mbwa, sauti ikasema "Jagua", na darasa zima likaitikia. Bibi Eulogia, aliyekuja na kikapu cha chipa, mikate midogo ya jibini, akashika kinywa.

"Ndiye mimi huyo? Mbona nimezeeka hivyo!"

Mwalimu Arsenia akamshika Nimia bega. "Kutojua hakukuwa kosa lako, mwanangu. Sote tulianza bila kujua. Kosa lilikuwa kuweka kitu usichokielewa, kisha kukitetea. Kila mstari unaouandika, kuna mtoto mwenye kompyuta dhaifu anayeubeba. Usipojua kazi yake, uliza. Kuuliza si ujinga."

"Nimeelewa, Mwalimu." Nimia akamgeukia Derlis. "Na ya kwako tunaisafisha lini?"

"Jumamosi," alisema Derlis. "Lakini dada yangu utamwambia wewe."