Usiseme Abee

Kilianza na kitu kidogo tu, wala hakikuwa cha kumtisha mtu. Laurent Shilinde alikuwa amemaliza kuingiza sauti kwenye katuni, akavaa hedifoni ajisikilize. Pale alipoita "Luhaga!" kwa ile sauti nzito ya mlinzi wa lango, jibu likaja mapema mno. "Naam." Kavu, lenye mkwaruzo wa mvuta sigara. Ndipo ikafuata ile "naam" aliyoiigiza yeye mwenyewe. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Naam mbili. Akacheka peke yake, akasema hii mashine nayo imeanza kuzeeka.

Angejua, asingecheka.

Ukipita Mikumi ulize DJ Shilinde, utaonyeshwa. Chumba chake kiko nyuma ya duka la vocha, pale malori yanapopumzika kabla ya kushika njia ya Iringa. Kazi yake ilikuwa kutafsiri muvi. Za Kihindi, za Kikorea, zozote utakazo, na sauti zote anatoa yeye. Bibi kizee yeye, jambazi yeye, mchumba anayelia kwa kuachwa yeye. Ukutani alipigilia mablanketi ili honi zisiingie kwenye maiki. Flashi zake zilifika Kilosa, zikafika Kidete kwa treni, zikafika mpaka Tindiga, ambako baba yake alihamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani na ambako wazee walikuwa wakimsikitikia kijana wao kwa kupata kazi ya kuongea peke yake chumbani.

Mkewe Getrude ni mtu wa Kilosa mjini. Wanawake wa mtaa walimtania sana huyo. Laurent akiita tu kutoka chumbani, "Mama Jack!", Getrude yuko uani, mikono imejaa unga, anaitika, "Abee!" Awe anacheka, awe amenuna, abee iko palepale. Wenzake wakamwambia, "Wewe hata ukifa, mumeo akikuita kaburini utaitika." Wakacheka wote, naye akacheka.

Sasa katuni yenyewe. Vijana wa Kilosa ndio walioiomba, maana wao siku hizi ni anime tu. Inahusu watu wanaocheza gemu kwa kuvaa kofia fulani ya umeme, ukiivaa unaingia ndani kabisa, unatembea humo kama unavyotembea sokoni. Ndani kuna mji, mji una lango, na lango likishafungwa halifunguki tena. Langoni anasimama mlinzi, mwanamke asiye na uso, anaita majina. Anayeitwa anainamisha kichwa tu, basi, amenaswa. Huku nyumbani mwili wake unabaki umekaa, macho wazi, hausikii wala hauoni.

Wajapani bwana, wanapenda ukimya. Mlinzi anaita, mchezaji anainama, kimya. Lakini wateja wa Laurent ukiwawekea ukimya wanakurudishia flashi, wanasema mbovu. Kwa hiyo Laurent akajaza. Kila jina likiitwa akaweka jibu, mwanamume "naam", mwanamke "abee". Na majina yenyewe ya Kijapani nani atayashika? Akaweka ya mtaani, maana watu hufa kwa kicheko wakisikia jina la mtu wao kwenye muvi. Mchezaji wa kwanza akamwita Luhaga, kwa jina la fundi pancha wa pale stendi. Wa pili akamwita Joyce, yule mama wa chapati. Wa tatu alikuwa mtoto wa kike, na hapo koo la Laurent likagoma. Kila akijaribu sauti ya mtoto inatoka ya mbuzi. Akamwita binti yake.

"Jack, njoo hapa. Baba akikuita, wewe sema abee. Vizuri, kama unavyomwitikia mwalimu."

Jackline alikuwa darasa la kwanza, meno ya mbele hana. Akapanda kwenye kiti, midomo karibu iguse maiki. Baba akashusha sauti, akawa mlinzi wa lango.

"Jackline!"

"Abee!"

Hapo mimi nashindwa kumtetea Laurent. Hakuna mtoto aliyelelewa nchi hii ya kwetu, awe wa Tindiga, awe wa Msowero, awe wa Kilosa penyewe, ambaye hakukatazwa na bibi yake: ukisikia jina lako na humwoni anayeita, nyamaza. Usiseme naam, usiseme abee. Na yeye alikatazwa, tena kwa fimbo. Alipoulizwa baadaye akajitetea, "Lakini si nilikuwa naita mimi?" Ndivyo alivyodhani. Kumbe alikuwa amemwazima mtu mdomo.

Flashi zikatoka. Watu wakacheka, Luhaga mwenyewe akainunua.

Mchana mmoja wa jua kali, jua lile la kuwafanya hata mbwa wasibweke, dereva wa lori akamfuata Luhaga ambaye alikuwa ameketi juu ya tairi, spana mkononi. Akamwita, kimya. Akamgusa bega, bega limelegea. Kichwa kimeinama, macho yako wazi, na pale penye mafuta machafu na mpira ulioungua palikuwa pananukia udi, kama ndani ya chumba cha bibi harusi. Hospitali wakapima malaria, wakapima presha, wakapima sukari. Hakuna kitu. Mtu anapumua, anameza uji ukimlisha, ila hayupo.

Kisha Joyce. Watu waliona moshi, wakakimbilia kibandani kwake, wakakuta chapati imeungua imekuwa mkaa kwenye kikaango na mwenyewe ameketi kando, ameinamisha kichwa. Udi unanukia.

Laurent aliposikia habari ya Joyce alikuwa ananyolewa ndevu kwa kinyozi. Akatoka na povu shavuni. Mtu mmoja akamuuliza kulikoni, yeye alishakimbia.

"Getrude! Jack yuko wapi?"

"Si yuko uani anacheza mdako. Mbona unahema hivyo?"

"Umemwona sasa hivi? Sasa hivi hii?"

"Baba Jack, unanitisha."

"Ongea polepole. Usimwite. Nakuomba, usimwite jina."

Wakatoka uani wote wawili kwa kunyata, wameshikana mikono kama vijana wanaochumbiana, na uani palikuwa kimya, kuku wamejibanza chini ya kichanja cha kukaushia vyombo ijapokuwa jua lilikuwa bado halijazama, na vile vijiwe vya mdako vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye kishimo chake, na nyuma ya pipa la maji kulikuwa na miguu miwili midogo yenye vumbi imenyooshwa, na ile harufu, ile harufu ambayo nyumbani kwao Wakristo hakuna aliyewahi kuiwasha, ilikuwa inatoka hapo hapo kwenye miguu, na Getrude alikuwa ameshaelewa kabla hajafika lakini akaendelea kutembea kwa sababu mama hawezi kusimama. Jackline ameketi. Kichwa kimeinama. Mkononi kijiwe kimoja.

Sitaki kueleza alivyolia.

Mwalimu Hussein aliletwa kutoka Kilosa kwa pikipiki. Ni mwalimu wa madrasa, mtu wa hasira za karibu, anayefukuza majini kwa namna ya mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji mkorofi.

"Shikamoo mwalimu," Laurent akasema.

"Marahaba. Nani aliita?"

"Mimi."

"Nani aliitika?"

"Mimi. Kwa niaba ya Luhaga, na kwa niaba ya Joyce."

"Na mtoto?"

Laurent akaangalia chini. Getrude ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Aliitika mwenyewe, mwalimu. Kwa mdomo wake."

Mwalimu Hussein akavua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. Hasira zote zilikuwa zimemwisha, na hilo ndilo lililomwogopesha Getrude kuliko yote.

Akawaeleza. Kuna jini linaloishi kwa kuita. Halina sauti yake, linangoja ya kuazima, na halina nguvu juu ya mtu mpaka mtu aitike. "Sasa wewe umelipatia sauti, ukalipatia majina, ukaitikia. Ulichofungua kwa mdomo wako utakifunga kwa mdomo wako. Kaa pale, waite upya, kila mmoja umwambie toka. Mimi nitasoma. Lakini sikiliza, Laurent. Ukimaliza litakuita wewe. Usiitike."

Wakaingia chumbani, Getrude amempakata mtoto, mwalimu anasoma nyuma yao. Laurent akavaa hedifoni, akasogeza maiki.

"Luhaga, toka!"

Maiki ikatoa mvumo. Kule kwa Luhaga, waliokuwa wanamlinda wanasema alipiga chafya, akaulizia spana yake.

"Joyce, toka!"

Joyce naye akaamka, analia.

"Jackline, toka. Jack. Mama, toka."

Kimya. Kichwa cha mtoto bado kimelala kifuani kwa mama yake. Laurent akasema tena, akasema kwa Kiswahili, akasema kwa Kisukuma, akamwita kwa jina la bibi yake, jasho linamtiririka mpaka kwenye meza, na ule udi ukawa mzito hata mwalimu akawa anasoma huku anakohoa, na mablanketi ukutani yakaanza kwenda ndani na nje, taratibu, ndani na nje, utadhani chumba kizima ndicho kinachopumua, na mle kwenye hedifoni, ambamo wengine hawakusikia kitu, Laurent akasikia mlio wa lango linaloburutwa na nyuma ya lango sauti ya mtoto asiye na meno ya mbele, iko mbali, inalia.

"Baba?"

Alimtazama Getrude. Baadaye mwanamke huyo aliapa mara nyingi kwamba mumewe alijua anachokifanya.

"Baba!"

"Laurent, usiitike!" mwalimu akapiga kelele alipoona midomo yake inafunguka.

"Naam, mwanangu," Laurent akasema. "Niko hapa."

Jackline akafumbua macho, akauliza kwa nini mama analia. Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa juu ya maiki.

Yuko Tindiga sasa, kwa wazee wake. Wanamlisha uji kwa kijiko, wanamtoa juani, wanamrudisha. Macho wazi.

Siku ya kuondoka Mwalimu Hussein alimvuta Getrude pembeni. "Chumba nimekifunga. Flashi zilizokwisha kutawanyika siwezi. Lina sauti yote ya mumeo sasa, siyo ya kuazima. Mtoto akisikia anaitwa na baba yake ataitika, mtoto gani asiyemwitikia baba yake? Mzibe mdomo. Kwa nguvu zako zote, mzibe."

Getrude akahamia kwa mama yake Kilosa. Akamfundisha Jackline kutoitika. Ukiitwa, nenda umwangalie anayekuita usoni kwanza. Shuleni akaonekana mtoto jeuri, akachapwa kwa kukosa adabu, na Getrude hakwenda kumtetea. Alishukuru kila fimbo.

Jumamosi moja akampeleka kusukwa saluni kwa Grace, karibu na soko. Mchana mweupe, watu wamejaa, habari za mtaani zinaendelea. Grace amembana Jackline kati ya magoti, nywele zimekamatwa nusu kichwa, Getrude ameketi mbele yao anachambua uzi. Msichana mmoja akachomeka flashi kwenye runinga.

Getrude alimjua mumewe kwa pumzi tu, kabla hajasema neno.

"Zima! Zima hiyo!"

"Kuna nini dada? Rimoti iko wapi jamani?"

Uzi ukamwagika. Getrude akapiga magoti, akamziba mwanawe mdomo kwa mikono yote miwili, akabana mpaka mtoto akamtolea macho. Udi ukanukia juu ya harufu ya mafuta ya nywele.

"Jackline!"

Mtoto akafurukuta. Getrude akahisi ulimi ukigonga viganja vyake, ukitafuta njia, machozi ya moto yakimtiririkia vidoleni. Akabana zaidi. "Nyamaza mama, nyamaza, siyo yeye."

"Jackline!"

Akabana. Wakatazamana, mama na mwana, na polepole ulimi ukatulia. Runinga nayo ikanyamaza. Msichana bado anainua mito, anatafuta rimoti. Getrude akashusha pumzi. Limeshindwa. Amemwokoa.

Ndipo sauti ikaja tena, siyo nzito ya mlinzi wa lango. Ilikuwa ile ya nyumbani Mikumi, ya mtu aliyechoka na kazi anayetaka chai.

"Mama Jack!"

Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mdomo wa mtoto.

"Abee," Getrude akaitika.