Biskuti Nane za Bi Masufuria

Nyumbani kwa Bi Masufuria wanaishi watu wawili tu: yeye na mumewe. Lakini ukichungulia jikoni kwao asubuhi, utadhani jeshi linakuja kunywa chai. Uji unatokota kwenye sufuria ambamo bata wangeweza kuogelea. Maharage yanalowekwa kwenye ndoo. Mwiko wake ni mrefu kama kasia.

Si kosa lake. Bi Masufuria alikuwa mpishi wa kantini katika kiwanda cha magunia. Alilisha zamu ya asubuhi, akalisha zamu ya jioni, mpaka akastaafu. Mkono wake haukufundishwa kupima kidogo. Akikwambia ametia chumvi kiasi, kunywa maji kwanza.

Mumewe tunamwita Mzee Filimbi. Alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda hichohicho. Mpaka leo akitaka chai, hupiga filimbi yake sebuleni.

"Priii!"

"Geti limefungwa!" mkewe humjibu kutoka jikoni.

"Nina kibali!"

"Kimekwisha muda!"

Halafu chai huja. Ndivyo wanavyopendana.

Siku moja Mzee Filimbi alilalamika. Biskuti za dukani, alisema, zimekuwa hafifu kama ahadi ya fundi.

"Ukiichovya kwenye chai, inazama bila kuaga."

"Nitakuokea zenye mwili," mkewe akasema. "Za oti, chokoleti na karanga. Moja tu itakufikisha mchana."

Oti ni ile nafaka iliyopondwa ikawa bapa, ambayo watu huipikia uji. Bi Masufuria alikuwa nayo. Alikuwa pia na jiko la gesi lenye oveni, alilojinunulia mwenyewe alipostaafu. Alilifuta kila siku kama mtu anavyofuta gari jipya. Mikate mikubwa ya kantini ameoka maisha yake yote. Biskuti ni kitu gani?

Akamwaga unga, pakiti nzima. Akayeyusha siagi, kopo zima. Akavunja mayai mpaka kuku wa jirani wakaingiwa na wasiwasi. Akapanga madonge kwenye sinia, bega kwa bega, kama abiria wa mwisho wa mwezi. Akalisukuma sinia ndani. Kitambaa chake cha mikono akakitundika kwenye mpini wa oveni, kama kawaida yake.

Sasa, kantini ilikuwa na sheria yake. Mkate ukiiva, ukiugonga chini unalia ko-ko-ko, kama mlango. Usipolia, bado. Basi Bi Masufuria akafungua oveni, akazigonga biskuti kwa mwiko. Kimya. Zilikuwa laini kama shavu la mtoto.

"Hazijalia," akasema. Akafunga, akaongeza moto. Kisha akatoka uani kuanua nguo, na huko uani akakutana na umbea mtamu.

Siwezi kuapa kwamba moshi ule uligeuza ndege angani. Ninachojua ni kwamba kunguru wa mtaa wetu walikohoa mpaka jioni. Kitambaa kilishika moto, pazia likafuata. Mzee Filimbi alipuliza filimbi, na safari hii si kwa ajili ya chai. Wa kwanza kufika alikuwa Mwokaji, mama wa nyumba ya pili, anayefanya kazi kwenye tanuri la mikate. Alifunga gesi kwanza. Ndipo akalimwagia pazia ndoo ya maji.

Moshi ulipotulia, walitoa sinia. Biskuti zilikuwa zimeshikana zote, zikawa godoro moja jeusi. Mzee Filimbi alilisogelea, akaligonga kwa kidole.

Ko-ko-ko.

"Zimelia," akasema.

Hakuna aliyecheka. Yaani, hakuna aliyecheka mbele ya Bi Masufuria.

Jioni alifika mtoto wao wa pekee. Yeye ni dereva wa pikapu ya mizigo, nasi tunamwita Dereva. Alitazama ukuta mweusi. Alitazama pazia lililobaki nusu. Akavuta kiti.

"Mama, imetosha. Jumamosi nakuja na pikapu. Jiko hili linaondoka."

"Linaondoka kwenda wapi?"

"Linaondoka tu. Nitawaletea birika la umeme la chai. Chakula, mke wangu atapika kwetu. Nitakileta kwenye hotpoti kila siku."

"Niletewe chakula kama mgonjwa wa wodini?"

"Ni kwa usalama wenu. Mama, umezeeka."

Mzee Filimbi akaanza kutazama dari.

"Rudia," mama akasema.

"Nimesema umechoka, mama."

"Hukusema hivyo. Umesema nimezeeka, na ni kweli, wala sikuficha. Nimekosea kuoka, hilo nalo ni kweli. Lakini anayekosea kuoka hufundishwa kuoka. Hanyang'anywi jiko! Wewe ulipogonga mti kwa gari la tajiri wako, nani alikuja kukunyang'anya usukani?"

"Mama, gari na jiko ni..."

"Njoo Jumamosi. Njoo na pikapu, njoo na winchi ukitaka. Utanikuta nimesimama mbele ya oveni yangu, na ndani mna biskuti."

"Utaoka tena?" Dereva akashika kichwa. "Na hizi zikiungua?"

"Zikiungua, nitakusaidia kubeba."

Mwana akaondoka amenuna. Mzee Filimbi akamgeukia mkewe.

"Mke wangu, hapo mwisho umeweka rehani jiko letu."

"Nimeweka langu. Wewe una filimbi."

Kesho yake Mwokaji alikuja kuwajulia hali. Alikuwa ametoka kazini, unga bado umo kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama. Nimesikia Jumamosi kuna mechi."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia au kunicheka?"

"Nimeshacheka nyumbani. Sasa nimekuja kusaidia. Niambie, uliwaokea watu wangapi?"

"Wawili."

"Kwa unga wa pakiti nzima?"

"Nani ajuaye? Huenda mgeni angekuja."

"Mgeni huyo angekuja na kijiji chake. Mama, biskuti za watu wawili huanza na kikombe, si pakiti. Una kikombe cha chai?"

Bi Masufuria akatoa kikombe. Alikishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mjusi.

"Nipime kwa kidude hiki? Mimi niliyepima kwa karai?"

"Kwa hichohicho. Na usikibadilishe mpaka mwisho. Ukipima unga kwa kikombe kikubwa na siagi kwa kidogo, umeharibu."

Wakaanza. Mwokaji alikaa kwenye kigoda na kusema. Mikono ilikuwa ya Bi Masufuria.

"Siagi robo kikombe. Usiiyeyushe. Iache nje ilainike, mpaka kidole kiingie bila kusukuma. Siagi ya maji hufanya biskuti zitambae, zikutane, zioane."

"Kumbe ndiyo maana zilishikana."

"Hiyo, na ulivyozibana. Haya, sukari ya kahawia, robo kikombe na kijiko kimoja kikubwa juu yake. Piga na siagi mpaka vilainike kama krimu. Sasa kiini cha yai moja."

"Kiini tu? Ute je?"

"Ute mkaangie mzee."

"Priii!" ikasikika kutoka sebuleni. Mzee alikuwa anasikiliza.

Kwenye bakuli lingine wakachanganya vitu vikavu: unga wa ngano nusu kikombe, oti robo tatu ya kikombe, soda ya kuokea robo ya kijiko cha chai, na chumvi.

"Chumvi kidogo," Mwokaji akasema.

Bi Masufuria akachota ngumi.

"Mama! Vidole viwili. Kama unamnyunyizia sisimizi."

"Sisimizi hawakuwa wateja wangu," Bi Masufuria akanung'unika. Lakini alirudisha. Akachukua kwa vidole viwili.

Karanga walizikaanga bila mafuta mpaka zikanukia, wakazimenya na kuzikatakata. Robo kikombe. Chokoleti nayo wakaikatakata, robo kikombe. Hapo Mwokaji akaacha utani.

"Karanga si za kila mtu, mama. Wako watu ambao karanga huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Mtu anaweza kufa. Kwa hiyo kabla hujampa mtu, muulize. Na watoto wadogo usiwape karanga nzima, huwakaba."

"Kantini sikuuliza hata siku moja."

"Sasa utauliza."

Wakachanganya vyote pamoja, wakafanya madonge manane, kila moja kama ndimu ndogo. Wakayaminya kidogo juu. Wakayapanga kwenye sinia lililopakwa siagi, kati ya donge na donge nafasi ya vidole vitatu. Oveni ilikuwa imewashwa mapema, nyuzi mia moja na themanini.

Bi Masufuria akachukua kitambaa chake na kukitundika kwenye mpini. Mwokaji akakitazama kitambaa. Bi Masufuria akamtazama Mwokaji. Kisha akakiondoa mwenyewe, akakitundika mbali, kwenye msumari wa mlangoni.

"Sasa twende uani," akasema.

"Hatuendi popote. Biskuti ni kama mtoto anayetambaa. Ukimpa mgongo, kaingia kwenye moto. Weka simu ilie baada ya dakika kumi, kisha ukae hapa."

Simu ilipolia, Bi Masufuria alifungua oveni. Kingo zilikuwa za dhahabu. Katikati palikuwa bado laini. Mkono wake ukaruka kwenye mwiko, ukagonga. Kimya.

"Hazijalia! Tuongeze moto."

"Toa."

"Mbichi hizi, mwanangu!"

"Toa, mama! Mkate huiva ndani ya oveni. Biskuti humalizia kuiva nje, juu ya sinia la moto. Ukingoja iwe ngumu humo ndani, ikipoa itakuwa kokoto. Tazama kingo, usisikilize."

Bi Masufuria alitoa sinia huku akinuna. Alifunga gesi. Akakaa mbele ya biskuti kama hakimu mbele ya mwizi, akingoja kosa. Zikapoa. Akaingiza kisu chini ya moja, akainyanyua. Ilinyanyuka nzima. Akauma.

Pembeni ilivunjika krach. Katikati ilitafunika vizuri. Chokoleti ikayeyuka, karanga ikajibu.

Akauma tena, akameza.

"Kumbe walionifundisha kugonga hawakuwahi kuoka biskuti," akasema.

"Priii!" Mzee Filimbi alikuwa tayari amesimama mlangoni.

Siku zilizofuata alioka tena, peke yake, Mwokaji akiwa kazini. Mkupuo mmoja ulikuwa mkavu, kwa sababu alijidai kuongeza oti. Uliofuata ulikuwa mzuri.

Jumamosi Dereva alifika na kamba begani. Alimkuta mama yake amesimama mbele ya jiko, kama alivyoahidi.

"Mama, tusigombane."

"Nani anagombana? Kaa. Usiguse jiko, lina moto."

Dereva akakaa. Hakuona pakiti nzima ya unga mezani. Aliona kikombe kimoja. Aliona kitambaa kiko mlangoni, na dirishani hakuna pazia tena karibu na moto. Mama yake hakutoka jikoni. Simu ikalia. Akafungua oveni, akatoa sinia, akafunga gesi.

Dereva akanyoosha shingo.

"Mama, hizo mbichi. Katikati zinabonyea. Rudisha."

"Sirudishi."

"Lakini naona kwa macho yangu!"

"Hata mimi juzi niliona hivyohivyo. Macho ya njaa hayajui kuoka. Baba Dereva, mwambie mwanao atulie."

"Tulia," Mzee Filimbi akasema. "Mimi nilishafundishwa."

Wakangoja. Dereva alitazama sinia, akatazama saa, akatazama kamba yake. Moshi haukuja. Ilikuja harufu, ikamzunguka, ikamshika kola.

"Karanga zinakudhuru?" mama akauliza.

"Mama, umenizaa wewe, hujui?"

"Namuuliza kila mtu. Jibu."

"Hazinidhuru."

Akampa moja. Dereva aliuma. Taya zikasimama, kisha zikaenda mbio. Akachukua ya pili bila kuomba. Kamba ilimteleza begani, ikaanguka sakafuni, naye hakuiinamia.

"Mama," akasema mdomo umejaa, "juzi nilisema vibaya."

"Ulisema vibaya. Pazia liliungua, ulikuwa na haki ya kuogopa. Hukuwa na haki ya kuniamulia. Ukiniona nakosea, niambie nakosea wapi. Usije na kamba."

Dereva akainamisha kichwa. Mkono wake ulinyemelea biskuti ya tatu. Mwiko ukatua mezani, pwa!

"Hiyo ya baba yako."

"Si ungeoka nyingi basi!"

"Nimeoka za kutosha nyumba hii."

Mzee Filimbi alichovya yake kwenye chai. Haikuzama. Akaikodolea macho kwa heshima.

Dereva aliokota kamba, akaikunja. Mlangoni akageuka.

"Jumamosi ijayo nije?"

"Njoo," mama akasema. Alikuwa tayari anafuta oveni yake. "Uje na siagi. Pikapu iache nyumbani."