Gari Lililomwita Mkwe

Unayecheka hapo, funga mdomo nzi wasiingie. Eti majini ni ya pwani tu, huku Tukuyu baridi imeyashinda! Baridi haijamshinda hata kunguni.

Ilikuwa miaka ile ruhusa ya kuagiza ilipotoka, magari yaliyotumika ng'ambo yakamiminika mpaka Mpuguso. Mzee Ambilikile, mkulima wa ndizi, aliuza ng'ombe akanunua pikapu nyeupe. Ikaanza kwa kitu kidogo: taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka, na ufunguo ukichomolewa haizimiki.

Akaipeleka gereji kwa Jaffari. Jaffari alijua kuyahoji magari hayo. Aliunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, taa ikapepesa, akahesabu mipepeso, maana kila namba ina ugonjwa wake. Mbili, kisha moja: sensa ya moshi. Akabadilisha. Taa ikaja na namba nyingine. Akabadilisha tena, ikaja nyingine. Mwisho akafungua betri akaiweka sakafuni.

Taa ikaendelea kupepesa.

Hapo mzee, aliyekuwa ameketi ndani ya gari, akaganda kwenye usukani, akakataa kushuka. Mwanawe Hosea akakimbilia Mbeya kutafuta mganga, na mke wa Hosea, Tulinagwe, mama Godwin, akatumwa na chakula. Aliishia nje ya mlango wa bati, kitenge usoni. Mkwe wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hata jina lake halitaji. Naye baba mkwe akimwona hugeuka. Tangu aolewe, hawajawahi kukutana macho.

"Jaffari," alinong'ona, "mpe baba yake Hosea chakula."

"Hataki kula, mama Godwin. Anataka ufunguo tu, na ninao mfukoni."

"Usimpe! Akiondoka na gari hilo tutamwokota korongoni."

"Nimemuuliza yeye nani, kanitajia ukoo wote mpaka babu yake babu. Ni yeye. Acha nimpe aende. Nimechoka kuogopa ndani ya gereji yangu mwenyewe."

Mvua ikaangukia bati, giza likaingia mchana kweupe, na kutoka ndani ikaja harufu ya udi iliyochanganyika na nywele zinazoungua, na injini isiyo na betri ikaanza kunguruma polepole kama mbwa anayeota, na Jaffari akanong'ona kwamba kope za mzee zinapepesa pamoja na taa, mbili, kisha moja, mbili, kisha moja, mpaka sauti ikasikika, laini, tamu mno.

"Tulinagwe. Ingia, binti yangu. Kaa hapa kando yangu twende nyumbani."

Jaffari akapumua. "Umesikia? Anakuita kwa jina." Akatia mkono mfukoni.

"Nimesikia," Tulinagwe akasema, safari hii bila kunong'ona. "Toa mkono huo mfukoni kabla sijaukata."

Akavua kitenge usoni, akaingia, akasimama mbele ya dirisha la gari.

"Wee! Majina ya ukoo umejifunza, adabu hukujifunza. Mwenye mwili huo angekufa kabla hajaniita. Yeye ningemkimbia. Wewe nakutazama. Nitazame basi!"

Macho yakamgeukia, meupe, yakipepesa.

"Niulize ninachotaka," ile sauti ikabembeleza. "Marashi? Mbuzi mweupe? Niulize tu."

"Sikuulizi. Huyu fundi kakuuliza mchana kutwa na waya wake, kila swali likakulisha, ndiyo maana umenenepa."

Akaingiza mkono chini ya usukani, akaushika ule waya wa Jaffari uliobaki kwenye soketi. Ukamuunguza mpaka ngozi ya kiganja ikanuka, naye hakuuachia, na honi ikalia, na milango ikajigonga, na sauti ikamtukana kwa lugha ambayo hakuna mtu Rungwe anayeijua, naye akaitukana kwa Kinyakyusa ambacho kila mtu Rungwe anakijua, akavuta.

Taa ikazimika. Injini ikanyamaza. Ikabaki mvua tu.

Mzee akainua kichwa taratibu. Akamwona mwanamke kasimama mbele yake uso wazi, mke wa mwanawe. Akaguna kwa aibu kama aliyevuliwa nguo, akavuta koti akajifunika kichwa chote, akageukia upande wa pili.

"Huyo sasa ndiye," Tulinagwe akamwambia Jaffari. "Mpe chakula kabla hakijapoa."

Akajitanda kitenge, akatoka, akaufunga mlango.